Nimepona Ebola, mbona jicho linauma?

SWALI: Daktari, nilipona Ebola hapa Beni. Sasa jicho moja ni jekundu, linauma na mwanga unanisumbua. Ugonjwa umerudi?

JIBU: Pole, baba. Huenda ni uveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho unaowapata baadhi ya waliopona. Virusi vikiisha kwenye damu vinaweza kubaki jichoni, mahali ambapo kinga ya mwili hupunguza makali yake. Usitie matone ya dukani, wala majani! Ukichelewa, unaweza kupata mtoto wa jicho, hata upofu. Mganga wa macho akuone leo; mwambie ulipona Ebola.

Virusi hukaa pia kwenye shahawa. Mlipuko wa Butembo wa Februari 2021 ulihusishwa na mtu aliyepona. Tumia kondomu mpaka vipimo viwili vya shahawa vionyeshe huna virusi.