Barua ya Forodha Haitaki Droo

*Mshauri, mimi ni meneja wa ghala la nafaka Busia, upande wa Kenya. Mahindi tunayanunua Tororo, Uganda. Lori letu limezuiwa mpakani kwamba hati hazijakamilika, nikapewa barua ya forodha. Dereva anasema nitafute mtu anayejuana na wakubwa. Mwenye kampuni anasema sheria ni kazi ya mawakili, mimi nishughulikie magunia. Nifanyeje?*
*Meneja, Busia*

Ndugu Meneja,

Barua hiyo umeisoma? Wengi huitia kwenye droo, kisha wakashinda kwenye simu. Itoe, uangalie tarehe yake na kifungu kilichotajwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotumika pande zote mbili za mpaka, inakupa siku 30 za kumwomba Kamishna wa Forodha kwa maandishi aupitie upya uamuzi huo. Naye akishapata ombi na maelezo aliyoyataka, ana siku 30 za kujibu; zikipita kimya, ombi lako huhesabiwa limekubaliwa. Siku utakazozimaliza ukimsaka huyo anayejuana na wakubwa, hakuna wakili atakayekurudishia. Na akishikwa na pesa zako, mtoa hongo ni wewe. Ila kama barua inasema mzigo umetwaliwa, mpigie wakili leo hii.

Sasa turudi Tororo, maana naona shida ilianzia huko. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na shehena iwe na cheti cha uasili na kingine cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Nimewaona wanunuzi wakipima kwa kung'ata punje: ikilia kah! chini ya jino, mzigo umekauka, pesa zinatoka. Jino halioni sumukuvu. Je, nani alipima mahindi yako kwa mashine, na mzigo ukikataliwa hasara ni ya nani? Hayo yaandikwe kabla gunia la kwanza halijapakiwa. Andikeni pia mkikosana mtaamuliwa wapi: mahakama ya madai madogo Kenya hufika shilingi milioni 1 za Kenya, utaratibu kama huo Uganda hukomea milioni 10 za huko, ambazo ni kidogo zaidi.

Mwenye kampuni hajakosea kuwataka mawakili. Lakini wakili hufanya kazi na karatasi, na karatasi hizo zinapita mikononi mwako.

Hukuniambia barua ni ya tarehe ngapi. Kama siku 30 hazijaisha, andika ombi usiku huu, asubuhi ulipeleke na nakala, na nakala yako usiondoke nayo kabla haijagongwa muhuri wa kupokelewa.