SOMO: KADI YA MTANDAO ISIYOONEKANA KATIKA KOMPYUTA YA CHAMA



Mkaguzi apitiapo hati za malipo za vyama vya msingi hukuta mara nyingine maelezo mafupi kama haya: "Kadi ya mtandao mbovu, imenunuliwa mpya." Aliyethibitisha ubovu huo hatajwi. Fedha ni za wanachama, na huenda kadi iliyotupwa ilikuwa nzima. Somo hili linahusu kompyuta zenye mfumo wa Linux, ambao chama kinaweza kuuweka bila kulipa ada ya leseni.

Fundi akisema kadi "haionekani", Katibu amwulize: haionekani na nani? Huenda ubao mkuu wa kompyuta hauioni. Au ubao unaiona, lakini mfumo hauna draiva, yaani programu ya kuiendesha. Au draiva ipo, na kadi imefungwa tu.

Fungueni dirisha la amri, andikeni lspci -nnk. Amri hiyo huorodhesha vifaa vilivyomo. Tafuteni mstari wenye neno Ethernet, au Network kwa kadi isiyotumia waya. Humo mna namba katika mabano ya mraba, mathalani 10ec:8168. Sehemu ya kwanza ni ya mtengenezaji: 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom. Sehemu ya pili ni aina ya kadi. Nakilini namba hiyo, maana jina la kwenye sanduku si la kutegemewa. Mtengenezaji aweza kubadili chipu ndani akaacha jina lile lile nje. Kwa kadi ya kuchomekwa kwenye USB, amri ni lsusb.

Mstari usipokuwapo, zimeni kompyuta na kuchomoa waya wa umeme. Toeni kadi, ipanguseni, irudisheni katika nafasi nyingine. Ikiwa imejengwa katika ubao mkuu, tazameni mpangilio wa BIOS, isije ikawa ilizimwa huko. Kadi ikikosekana hata baada ya hayo, ndipo Bodi iombwe fedha.

Mstari ukiwapo, kadi inaonekana, na kununua nyingine ni mapema mno. Tazameni chini yake maneno "Kernel driver in use". Yasipokuwapo, hakuna draiva iliyoishika kadi. Andikeni sudo dmesg, mtafute neno firmware. Likifuatana na failed, kadi imekosa faili ambalo ni lazima lipakiwe ndani yake kabla haijaanza kazi. Jambo hili liliwasumbua sana watumiaji wa Debian, kwa kuwa mafaili hayo hayakuwamo katika diski rasmi ya kawaida hadi toleo la 12 la mwaka 2023. Dawa ni kuweka furushi linalohusika: firmware-realtek kwa Realtek, firmware-iwlwifi kwa kadi za Intel zisizotumia waya. Mtauliza, litapakuliwaje bila mtandao? Unganisheni simu kwa waya wa USB ishiriki intaneti yake, au pakueni kwa kompyuta nyingine na kulileta kwa flashi.

Kuna hali moja inayodanganya wengi: kadi ilifanya kazi jana, leo haipo. Ulizeni kama mfumo ulisasishwa. Draiva aliyoitengeneza fundi kwa mkono hufaa kwa keneli ile iliyokuwapo siku hiyo. Keneli mpya ikija, draiva hubaki nyuma. Washeni upya, na katika orodha ya mwanzo chagueni keneli ya zamani. Kadi ikirudi, mmepata sababu bila kutoa senti. Hali kadhalika, Secure Boot ikiwa imewashwa hukataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika.

Draiva ikiwapo, andikeni ip link. Msitafute eth0 kwa kufuata maandishi ya zamani. Siku hizi jina huwa kama enp3s0. Ikisomeka DOWN, iamsheni: sudo ip link set enp3s0 up. NO-CARRIER maana yake ni waya, au kifaa kilicho upande wa pili. Kwa isiyotumia waya, rfkill list itaonyesha kama imefungwa. "Hard blocked: yes" mara nyingi ni swichi ya pembeni mwa kompyuta yenyewe.

Hati ya malipo ya kadi mpya iambatanishwe na nakala ya majibu ya lspci -nnk, yenye tarehe na sahihi ya fundi. Ikiwa kadi ya zamani imo katika majibu hayo, Katibu airudishe hati kwa fundi, aeleze kwa maandishi ni draiva gani aliyoijaribu.