BINTI ALIYETAJWA UCHAWI

Somo la vikundi vya nyumbani. Yasomwe kabla ya kukutana: Susana (yaani Danieli sura ya 13), Kumbukumbu la Torati 19:15–21, Yohana 9:1–3.

Ndugu wapendwa, somo hili halikusudii kubishana kama uchawi upo au haupo. Tumekwisha kuona mara nyingi kwamba kikundi kikianza na swali hilo, saa nzima hupita, kila mtu husimulia kisa alichosikia kwa shemeji yake, na watu hurudi nyumbani gizani wakiogopa zaidi kuliko walivyokuja. Swali letu ni jingine. Mtu akitajwa kijijini kwamba ni mchawi, na mtu huyo ni msichana wa miaka 14 au 16, je, sisi Wakristo yatupasa kufanya nini siku ile ile, kabla jua halijatua?

Twasema msichana kwa makusudi. Wengi wetu tukisikia neno mchawi twamfikiria bibi kizee mwenye macho mekundu, ingawa kila aliyepika kwa kuni maisha yake yote anajua macho yale yametoka wapi. Lakini hofu haichagui umri. Hutajwa pia binti yatima aliyeletwa kwa shangazi yake, ambaye hakuna anayejua vizuri mama yake alikufa kwa ugonjwa gani. Hutajwa binti mwenye kifafa. Hutajwa yule anayeota ndoto na kuzisimulia, au yule ambaye masomo humwingia upesi mno kuliko watoto wa wenye mji. Mwanzo ni mnong'ono tu kisimani. Mtoto wa jirani apatwa na degedege usiku. Mwera wavuma na mtumbwi wapinduka. Nyavu zarudi bila usipa siku tatu mfululizo. Kahawa ya fulani yakauka na ya mwenzake yastawi. Ndipo mtu mmoja akumbuka kwamba binti yule alipita pale jioni. Baada ya hapo watoto hukatazwa kucheza naye. Shuleni hakuna akaaye naye dawati moja. Nyumbani hupewa sahani yake ya peke yake. Mwisho huitwa mpiga ramli, naye mpiga ramli hana kazi ngumu, kwa sababu jina amekwisha kulisikia njiani. Kila hatua ni ndogo, na katika kila hatua hiyo wamo watu waliobatizwa.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro kisiwani Likoma lilianza kujengwa mwaka 1903 na kuwekwa wakfu mwaka 1911. Kwa miaka mingi lilikuwa kanisa kuu la parokia zetu pia, mpaka ilipoanzishwa Dayosisi ya Kusini Magharibi ya Tanganyika mwaka 1952, na baadaye Dayosisi yetu ya Ruvuma mwaka 1971. Basi, kanisa lile halikujengwa mahali popote tu. Lilijengwa Chipyela, mahali ambapo hapo kwanza watu waliotuhumiwa uchawi walichomwa moto. Wamisheni walipachagua pale wakijua. Palipokuwa moto pakawekwa altare. Babu na bibi zetu waliovuka ziwa kwa mitumbwi na kwa meli ya Misheni kwenda kusali Likoma, walipiga magoti juu ya ardhi ile.

Na kabla ya moto palikuwa na mwavi. Vijana wa siku hizi wamelisikia neno lakini hawajui ulivyofanya kazi, hivyo yafaa tueleze. Gome la mti wenye sumu lilisagwa, likatiwa katika maji, na mtuhumiwa akanywa mbele ya watu wote. Akitapika, hana hatia. Asipotapika na akafa, basi alikuwa mchawi, na kesi imekwisha, kwa kuwa aliyeshindwa hayupo tena kukata rufaa. Tukiufikiri mwavi kwa makini twaona kwamba haukupima ukweli wa jambo lo lote. Ulipima tumbo, na kipimo cha dawa, na mkono wa aliyeichanganya. Lakini watu wa akili timamu, wenye huruma kwa watoto wao, waliuamini, kwa sababu ulileta jibu, nao walitaka jibu siku ile ile.

Katika miaka ya 1930 wakatokea watu wa mchape kutoka Nyasaland, wakaenea katika nchi za jirani na kusini mwa Tanganyika. Hawa hawakuua. Waliwapanga watu mstari, wakawatazama kwa kioo, wakawanywesha dawa ya chupa, wakaahidi kwamba anayeinywa na kurudia uchawi atakufa. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wetu wengi walifunga safari ya Malawi kwenda kwa mganga aliyeitwa Chikanga ili wasafishwe au wathibitishwe. Wengine walirudi na jina jema, wengine hawakurudi tena kukaa walikotoka. Jina la kamchape linasikika hata leo huko magharibi mwa nchi. Twayataja haya ili tuone jambo moja: dawa za kumaliza uchawi zimekuja mara nyingi, kila moja ikiahidi kwamba hii ndiyo ya mwisho, na kila mara hofu imebaki palepale ikingoja nyingine.

Sheria ya nchi nayo ni ya zamani, tangu mwaka 1928. Wengi hudhani Sheria ya Uchawi ni ya kumwadhibu mchawi peke yake. Hawajui kwamba sheria hiyo hiyo yafanya kuwa kosa kumtaja mtu mwingine kwamba ni mchawi mbele ya watu. Anayesimama katika mkutano wa kitongoji na kutaja jina la binti amevunja sheria kabla binti hajajibu neno. Zaidi ya hayo, tangu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ye yote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kumtesa au kumdhalilisha ni kosa.

Sasa tuseme kidogo juu ya shule, kwa kuwa sisi tuliofundisha twajua kwamba mara nyingi moto huwakia huko. Wasichana wawili waanguka na kupiga kelele katika bweni. Kesho yake wanane. Keshokutwa darasa zima halina masomo. Hapo ndipo huulizwa, nani amewafanyia? Na jina hupatikana.

Walimu, kumbukeni Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Wanafunzi walikuwa 159. Kufikia katikati ya Machi waliopatwa walikuwa 95, na shule ikafungwa. Wasichana walipopelekwa makwao, vicheko na vilio vikaenda pamoja nao vijijini. Waganga wa hospitali walichunguza damu, maji na chakula, wasipate sumu wala kijidudu. Waliona kwamba akili iliyobanwa na wasiwasi huweza kumwambukiza jirani yake, hasa vijana wanaoishi pamoja chini ya amri kali. Wala wasichana wale hawakuwa wakijisingizia. Waliumia kweli. Lakini kuumia kwao hakukuwa ushahidi juu ya mtu ye yote.

Na asije mtu akadhani haya ni ya Waafrika peke yao. Mwaka 1692, mahali paitwapo Salem huko Marekani, kati ya Wakristo waliosoma Biblia kila siku, wasichana walianza kupatwa na vifafa na kupiga kelele, wakaulizwa nani amewaroga, wakataja majina. Watu 19 walinyongwa. Miongoni mwa waliofungwa kwa minyororo alikuwamo mtoto Dorothy Good, wa miaka minne au mitano, naye alikiri kwamba ni mchawi. Mtoto huyo angekosaje kukiri, watu wazima wote walipokuwa wakimwuliza jambo moja tu? Mahakama ilikubali ushahidi wa mizimu, yaani mtu aliweza kusema nilimwona katika njozi akinikaba, na hilo likahesabiwa. Ushahidi wa namna hiyo ulipokataliwa, kesi zikaanguka. Mwaka 1697 mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama mbele ya kusanyiko kanisani huku ungamo lake likisomwa na mchungaji.

Wako wasomaji ambao tangu mwanzo wa somo hili wanayo Kutoka 22:18 mdomoni. Tunaijua. Lakini asomaye mstari ule asome pia Kumbukumbu la Torati 19, kwa kuwa ni Torati ile ile moja. Humo shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani kwa kosa lo lote. Watakiwa wawili au watatu, nao waamuzi wachunguze kwa bidii, na shahidi akionekana mwongo atendewe yale aliyotaka ndugu yake atendewe. Basi na tuulize: ni wapi mashahidi wawili wa jambo linalosemwa kuwa limetendeka usiku, hewani, bila kuonekana? Anayeishika nusu ya kwanza ya Torati na kuiacha ya pili ameshika upanga bila ala.

Tuje kwa Susana. Kanisa letu laruhusu vitabu vya Apokrifa visomwe kwa mafundisho ya mwenendo mwema, na hiki chafaa sana hapa. Susana ni mke wa Yoakimu huko Babeli. Wazee wawili, nao ni waamuzi, wamtamani bustanini. Akiwakataa, watangaza kwamba wamemkuta na kijana chini ya mti. Kusanyiko lote lawaamini kwa kuwa ni wazee na waamuzi. Ahukumiwa kufa. Angalieni vizuri: Susana hakuwa yatima. Wazazi wake walikuwapo, watoto wake walikuwapo, jamaa zake wote walikuwapo, nao walilia. Lakini hakuna aliyeuliza swali. Twaweza kumlilia binti na bado tukamwacha apelekwe. Ndipo kijana Danieli apaza sauti kwamba yeye hataki kuwamo katika damu hii. Hakuleta muujiza. Alifanya jambo ambalo katibu wa kijiji angeweza kulifanya: aliwatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake, ulikuwa mti gani? Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mwingine. Uongo ulioweza kulishinda kusanyiko zima haukuweza kulishinda swali moja dogo.

Kwa maoni yetu, hii ndiyo kazi ya Mkristo siku binti anapotajwa. Auliza mti gani. Nani alimwona? Saa ngapi? Wewe uliyesema, uliona au uliambiwa? Uliambiwa na nani? Mara nyingi maswali manne hivi yatosha kuurudisha mnong'ono mpaka kwa mtu mmoja mwenye deni, au mwenye wivu, au mwenye msiba ambao hajapata wa kumfariji. Huyo wa mwisho tumhurumie kweli. Aliyezika mtoto haombi somo la tiba. Aomba mtu akae naye. Tukimwacha peke yake na huzuni yake, mpiga ramli atakuja kukaa naye.

Wakati huo huo mgonjwa apelekwe kutibiwa. Degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na saa chache za kuchelewa zaweza kumwua mtoto. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa zake. Huko Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa tangu miaka ya 1960, watu waliokuwa wakitengwa hata wakianguka motoni hakuna wa kuwagusa, na wengi wakapata nafuu. Hospitali yetu ya Mtakatifu Anne pale Liuli haiko mbali kwa wengi wenu. Wakumbuke pia watu wa ziwa kwamba Askofu Chauncy Maples, aliyewekwa wakfu Juni 1895, alizama Septemba mwaka ule ule ziwa lilipochafuka, akiwa njiani kuirudia dayosisi yake. Na kwamba Padre Johnson, aliyezikwa Liuli mwaka 1928, alifanya kazi yake miaka mingi akiwa na macho yaliyoharibika. Kanisa liliwaombea. Halikutufundisha kumtafuta aliyewaroga. Wanafunzi walipomwona yule kipofu katika Yohana 9 walitaka kujua nani alitenda dhambi, naye Bwana wetu alikataa kuwapa jina.

Jambo moja twalisema kwa uzito. Binti aliyetajwa asiletwe mbele ya watu kuombewa ili atolewe uchawi, hata kama waombaji wana nia njema. Kwa macho ya kijiji, kumwombea hivyo ni kuthibitisha. Kama anaomba sala, aombewe kama tunavyoombewa sote. Na asihamishwe kimya kimya kwa ndugu wa mbali ili mambo yapoe, maana jina humfuata, na masomo humkatikia hapo. Kama maisha yake yamo hatarini usiku huo, alale kwa padre, au katekista, au mama wa Umoja wa Akina Mama, na asubuhi jambo lifikishwe kwa mtendaji, kwa ustawi wa jamii na kwa dawati la polisi la jinsia na watoto. Jumapili ifuatayo mtu mzima anayeheshimika akae naye benchi moja kanisani, mahali pa kuonekana, na baada ya ibada atembee naye mpaka nyumbani kupitia njia ya sokoni.

Maswali ya mazungumzo. Katika kijiji chetu, nani hana mtu wa kumuulizia mti gani? Jamaa za Susana walilia tu. Ni nini kiliwazuia kusema? Mwalimu afanye nini wasichana wanapoanguka, na asiseme nini? Kisha kikundi kichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mtoto akitajwa wataitwa kwanza, na majina yao yapelekwe kwa padre kabla ya mwezi kwisha.