Drongo: Ndege, Farasi na Tusi

Swali: Bwana Mhariri, mwanangu aliyeko Melbourne ameitwa "drongo" na mwenzake kazini. Je, ametukanwa vibaya?

Jibu: Ondoa hofu, ndugu msomaji, kwani neno hilo, ambalo maana yake ni juha au mtu asiyefaa kitu, Waaustralia hulitamka aghalabu kwa mzaha kuliko kwa ghadhabu. Asili yake ni jina la ndege, lililotoka katika lugha ya Kimalagasi, naye ni wa jamii ya mlamba wetu, yule mweusi tititi mwenye mkia wa panda. Lakini ndege huyo, athubutuye kumfukuza hata mwewe, hana ujuha wowote, na dhuluma hiyo ameletewa na farasi. Farasi huyo wa mashindano, aliyepewa jina la ndege, alikimbia mara 37, na mara nyingine akikaribia mno kushinda, hata akastaafishwa mwaka 1925 pasipo ushindi hata mmoja. Ndipo jina lake likawa la kila mwenye kushindwa, na katika miaka ya 1940 askari wa jeshi la anga wakawabandika makuruta wao jina hilo. Mwanao na acheke tu, ila asimjibu hivyo msimamizi wake.