Namba kubwa si kasi kubwa

Swali: Nafungua kibanda cha gemu Kawangware kwa kompyuta za ofisi za mtumba. Mwenzangu wa Kibera anasisitiza ninunue kadi ya Radeon RX 580, si GeForce GTX 1650. Nimsikilize?

Jibu: Kwenye karatasi mwenzako ameshinda. RX 580 ya 2017 hufikia hesabu trilioni 6.2 kwa sekunde; GTX 1650 ya 2019, kama trilioni 3. Lakini namba hiyo ni idadi ya viini mara kasi yake, mara mbili. Haionyeshi viini vingapi hukaa bure gemu likiendelea. Ndiyo maana RX 580 huwa mbele, ila si maradufu. Kinachoamua kwako ni umeme: RX 580 hula wati 185 na hudai waya wake wa umeme, ilhali 1650 nyingi hutosheka na wati 75 za ubao mama. Pawasaplai ndogo ya kompyuta ya ofisi haitaihimili RX 580, na wati 110 za ziada kwa saa 10 humaliza zaidi ya uniti moja ya tokeni. Utasema GB 8 za kumbukumbu za RX 580 zinapita 4 za 1650. Kweli, na ukiwa na pawasaplai kubwa, mfuate mwenzako. La sivyo, chukua 1650 isiyodai waya.