Ghala Lisilotumia Karatasi na Ufuatiliaji wa Matoleo ya Chakula

Wananchi wote, na hasa wafanyabiashara wa vyakula, watunza ghala, wenye viwanda vidogo na wanafunzi wa masomo ya biashara, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini. Linaeleza namna chakula kinavyofuatiliwa tangu kinapotoka kiwandani hadi kinapomfikia mlaji, na sababu zilizoyafanya maghala mengi makubwa duniani kuiacha karatasi katika kazi hiyo.

1. Maana ya toleo

Toleo, au bachi kama wengi waitavyo, ni kiasi cha bidhaa kilichotengenezwa kwa pamoja, kwa malighafi zile zile na katika hali moja. Makopo ya samaki yaliyopikwa pamoja asubuhi yaweza kuwa toleo moja, na ya jioni yakawa toleo jingine, ijapokuwa chapa, uzito na bei ni vile vile. Kasoro inapotokea, aghalabu hulikumba toleo, wala si chapa nzima. Kwa hivyo, mwenye kulijua toleo huondoa sokoni makopo yenye shaka peke yake. Asiyelijua hulazimika kuyaondoa yote au, jambo la hatari zaidi, huyaacha yote yakaendelea kuliwa.

Ufuatiliaji una pande mbili: kurudi nyuma, yaani kujua mzigo umetoka kwa nani, na kwenda mbele, yaani kujua umepelekwa kwa nani. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002, katika kifungu cha 18 kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula aweze kuwataja wote wawili: aliyempatia mzigo, na mfanyabiashara ambaye yeye amempelekea.

2. Funzo la Ujerumani, 2011

Mwezi Mei 2011 maradhi makali ya kuhara damu na kuharibika figo yalizuka kaskazini mwa Ujerumani. Tarehe 26 Mei wakuu wa afya wa Hamburg walitangaza kwamba matango kutoka Hispania yalikuwa na bakteria. Baadaye ilibainika kwamba bakteria hao hawakuwa wa aina iliyokuwa ikiwaua watu. Hata hivyo, wakulima walikwisha kupata hasara kubwa, na Umoja wa Ulaya ulilazimika kutenga zaidi ya Yuro milioni 200 kuwafidia wakulima wa mboga.

Ukweli ulipatikana kwa kufuata hati. Wachunguzi walikusanya orodha za mikahawa na sehemu nyingine walikokula wagonjwa, wakafuata hati za mizigo kurudi nyuma. Makundi 41 ya wagonjwa yaliishia kwenye shamba moja la machipukizi katika jimbo la Lower Saxony. Mwezi Juni wagonjwa wengine walitokea karibu na Bordeaux, Ufaransa, nao walikuwa wamekula machipukizi yaliyooteshwa huko huko. Hati za pande mbili zilipolinganishwa, zilikutana kwenye toleo moja la kilo 15,000 la mbegu za uwatu zilizotoka Misri.

Yafaa izingatiwe kwamba vipimo vya maabara havikumkuta bakteria huyo ndani ya mbegu zenyewe. Kilichoelekeza kwenye mbegu ni kumbukumbu za biashara. Lakini ukweli huo ulithibitika mwanzoni mwa Julai, na watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Uwatu ule ule tunaoutia jikoni mwetu ulikuwa umepita katika mikono mingi, na kila mkono ulitakiwa utoe hesabu yake.

3. Udhaifu wa karatasi

Katika ghala la kawaida, mtoa mzigo hupewa orodha ya karatasi. Huenda penye rafu, huchukua katoni, hutia alama kwa kalamu. Orodha husema "katoni 20 za maziwa". Naye huchukua zilizo karibu na mkono. Namba ya toleo ama haiandikwi, ama huandikwa jioni kwa kukumbuka. Tarakimu 6 husomwa 0, na karatasi hulowa. Linapokuja agizo la kuondoa toleo sokoni, mtunza ghala hufungua majalada siku nzima, na katika siku hiyo chakula kinaendelea kuliwa.

4. Kazi inavyokwenda bila karatasi

Mzigo unapowasili, mpokeaji husoma alama ya mistari ya katoni kwa mashine ya mkononi. Yafaa ieleweke kwamba alama ya tarakimu 13 iliyo kwenye pakiti za kawaida hutambulisha bidhaa tu, wala haitaji toleo. Alama ndefu zaidi ya kwenye katoni huweza kubeba habari zaidi: baada ya namba 01 hufuata utambulisho wa bidhaa, baada ya 10 hufuata toleo, na baada ya 17 hufuata tarehe ya mwisho ya matumizi.

Oda inapofika, mashine humwelekeza mtoa mzigo rafu ya kwendea, toleo la kuchukua na idadi yake. Husoma kwanza alama ya rafu, kisha ya katoni. Ikiwa si yenyewe, mashine huikataa papo hapo. Katika vyumba vya baridi, ambamo wafanyakazi huvaa glavu nzito, maelekezo husikika kwa sauti masikioni, naye mfanyakazi hujibu kwa kutamka tarakimu zilizoandikwa kwenye rafu.

Aidha, mashine hutanguliza kutoa mzigo unaokaribia kwisha muda wake, na si lazima ule uliotangulia kuingia, kwani mzigo ulioingia jana waweza kuwa na muda mfupi kuliko ulioingia juma lililopita.

Hata hivyo, mashine haimtoi mtu katika uangalifu. Mpokeaji akiingiza toleo lisilo sahihi, kosa hilo litafuata mzigo hadi mwisho. Umeme nao hukatika. Hivyo nakala ya kumbukumbu ni ya lazima.

5. Jaribio la mizania

Ghala lolote lipimwe hivi. Chagua toleo moja. Tuseme ziliingia katoni 400. Hati zaonyesha duka la kwanza lilipewa 120, la pili 95, hoteli 140, na zilizoharibika 5. Jumla ni 360. Basi rafuni lazima zikutwe 40. Zikikutwa 31, katoni 9 hazijulikani zilipo, na lau toleo hilo lingekuwa na sumu, katoni hizo 9 ndizo zingekuwa balaa.

6. Wajibu wa mfanyabiashara mdogo

Asiyekuwa na mashine hajasamehewa. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lenye safu sita latosha kuanzia: tarehe, bidhaa, aliyeleta, toleo, idadi, na aliyepelekewa. Gunia jipya la unga lisimiminwe juu ya mabaki ya la zamani, kwani matoleo mawili yakichanganyika hayatenganishiki tena. Katoni yenye namba ya toleo isitupwe kabla ya bidhaa iliyomo kwisha.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini alama ya tarakimu 13 peke yake haitoshi kuondoa toleo sokoni?
(b) Eleza tofauti ya kutanguliza mzigo uliotangulia kuingia na kutanguliza ule unaokaribia kwisha muda.
(c) Chagua bidhaa moja dukani mwako. Waweza kutaja, kabla ya saa moja kupita, aliyekuletea na wote uliowauzia kwa jumla?

Atakayeshindwa swali la tatu aanze daftari lake leo.