Kalamu Imo Mkononi mwa Nani? Somo Kutoka Magazeti ya Zamani ya Pwani

Ndugu msomaji, kila mwenye kuitafuta haki hukutana na maandishi mengi, na kila mwandishi hudai kuwa asema kweli. Asiyejua kuyapima maandishi hayo huchukuliwa na kila mwenye kalamu. Basi yatupasa tuyatazame magazeti matatu ya zamani ya pwani yetu, tupate somo.

La kwanza ni Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, katika chuo cha misheni ya Kiingereza. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo wa chuo hicho walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Hapana shaka hilo lilikuwa jambo kubwa: watu waliouzwa kama bidhaa walifunzwa kalamu, na habari zikaandikwa kwa Kiswahili. Walakini mtambo ulikuwa wa misheni, nayo misheni ilikuwa na kusudi lake.

La pili ni Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali mjini Tanga zamani za Wajerumani, likatoka mpaka mwaka 1916, vita vilipouondoa utawala huo. Walimu na makarani walilisoma na kuliandikia, na washairi wakapeleka tungo zao. Tungo za kuisifu serikali zilipata nafasi humo. Je, mwenye kuilaumu serikali angaliipeleka wapi barua yake? Mtambo ulikuwa wa serikali hiyo hiyo.

La tatu ni Sahifa, la Mombasa, alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mwaka 1930. Mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah. Na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sahifa lilikuwa la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo watu wa pwani walizijua tangu chuoni walikosoma Kurani. Sheikh hakutafuta kuwapendeza jamaa zake. Aliwakemea kwa kufuja mali arusini, kwa uvivu, kwa kupuuza elimu na kuwaiga wageni bila kufikiri. Magazeti hayo hayakudumu miaka mingi. Lakini makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, mwaka 1944, na kwa hiyo twaweza kuzisoma hata leo.

Basi somo ni nini? Usomapo habari yo yote, jiulize maswali matatu:

1. Mtambo ni wa nani, na gharama hulipwa na nani?
2. Je, mwandishi huthubutu kuwaonya watu wake mwenyewe, au huwalaumu wengine tu?
3. Ni nani asiyepewa nafasi ya kusema?

Usidhani kwamba maswali haya yakutaka uyatupe maandishi ya mtu kwa sababu ya mwenye mtambo. La! Hata Msimulizi na Kiongozi yana hazina ya lugha na ya habari za wazee wetu. Kupima si kukataa; ni kutenga punje na makapi.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, yatuamuru tuichunguze habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Maana habari ya uongo, ikisha kuaminiwa, huvunja udugu na heshima ya mtu asiye na kosa.

Kwa hiyo, ndugu, pima kila usomacho. Anza na ukurasa huu ulio mkononi mwako.